Ndani ya boot.img: Ufundi wa Kuhifadhi na Swali la Ufunguo

Fungua faili la boot.img kwa programu ya kusomea baiti, na neno la kwanza utakaloliona ni ANDROID, likifuatwa na alama ya mshangao. Ni baiti nane. Kwa hizo, butiloda, ile programu ndogo inayoamka kabla ya mfumo wenyewe mtu anapobonyeza kitufe cha kuwashia simu, inatambua kuwa imefika mahali mfumo unapoanzia. Baada ya neno hilo zinapangana namba: ukubwa wa keneli, yaani kiini cha mfumo, na anwani itakapowekwa kwenye kumbukumbu, ukubwa wa ramudiski, yaani kifurushi cha mafaili ya mwanzo, na anwani yake, ukubwa wa ukurasa, toleo la mfumo, jina la bodi, kisha mstari wa amri ambao keneli huusoma inapoamka. Katika toleo sifuri la umbo hili, lililotumika hadi Android 8, kichwa chote cha faili ni baiti 1,632 tu.

Wepesi huo unadanganya. Simu iliyokwama kwenye logo baada ya kuflashiwa, yaani kuandikiwa mfumo upya, ni kitu cha kawaida mezani kwa fundi yeyote wa Kariakoo au wa Luthuli Avenue jijini Nairobi, na mara nyingi tatizo limo ndani ya faili hili dogo: mtu alilifungua, akabadili kitu kimoja alichokusudia, akalifunga upya, na njiani akabadili vingine vitano bila kujua. Hoja yangu katika uchambuzi huu ni kwamba kulifungua na kulifunga upya faili la kuwashia simu ni kazi ya kuhifadhi kuliko kazi ya kubadili. Anayefaulu ni yule anayerudisha kila asichokusudia kukigusa kama alivyokikuta. Na ugumu wa kazi hiyo, ambao zamani ulikuwa kwenye umbo la faili, sasa umehamia kwenye swali la nani anashika ufunguo wa saini.

Tuanze na hesabu, maana humo ndimo makosa ya kwanza huzaliwa. Faili limegawanywa kwa kurasa, na ukubwa wa ukurasa umeandikwa kwenye kichwa. Kwa simu nyingi za zamani ni baiti 2,048, kwa nyingine 4,096. Kila sehemu lazima ianze mwanzoni mwa ukurasa. Chukua keneli ya baiti 6,000,000 na ukurasa wa 2,048. Ukigawanya unapata kurasa 2,929 na kitu juu yake, kwa hiyo keneli inapewa kurasa 2,930, yaani baiti 6,000,640, na zile 640 zilizobaki hujazwa sifuri. Kichwa kimekwisha kuchukua ukurasa wa kwanza, hivyo ramudiski itaanzia baiti ya 6,002,688, si moja mbele wala moja nyuma. Chombo kilichoandikwa na mtu aliyedhani kurasa zote ni 2,048 kikikutana na faili la 4,096, kitakata keneli mahali pasipo pake, kitatoa kipande kisichofunguka, na fundi ataambiwa faili limeharibika ilhali faili ni zima.

Anwani za kumbukumbu nazo ni hivyo hivyo. Chombo cha Google cha kuundia mafaili haya, mkbootimg, kisipopewa namba huanzia 0x10000000, kikaiweka keneli 0x8000 mbele ya hapo na ramudiski 0x01000000 mbele. Kuna chipu zinazokubali namba hizo, na kuna chipu ambazo kumbukumbu yake haianzii hapo kabisa. Fundi aliyetoa keneli na ramudiski bila kuandika pembeni namba alizozikuta kwenye kichwa cha asili, akafunga upya kwa namba za kawaida, ametengeneza faili lililokamilika kwa macho lakini linalopelekwa mahali pasipokuwapo. Simu haitatoa ujumbe wowote. Itabaki nyeusi.

Ramudiski ndiko wengi wanakokwenda kufanya mabadiliko yao, na mimi naona ndiyo sehemu inayostahili kuangaliwa kwa karibu zaidi. Ni kifurushi cha mafaili kilichopangwa kwa mtindo wa cpio, kisha kikabanwa kwa gzip au, katika simu za karibuni, kwa LZ4. Ukikifungua, kila faili ndani yake linatanguliwa na tarakimu 070701, na mwisho wa kifurushi pameandikwa TRAILER pamoja na alama tatu za mshangao. Kwenye simu za zamani humo mlikuwa na init, ambayo ni programu ya kwanza kabisa inayoendeshwa na keneli, init.rc, ambalo ni orodha ya amri zake, fstab, inayosema patisheni gani ifunguliwe wapi, default.prop, na sera za SELinux.

Sasa mtazame fundi aliyekifungua kifurushi hiki kwenye kompyuta ya Windows, kwa sababu ndiyo aliyonayo. Anataka mstari mmoja tu kwenye init.rc. Anauandika, anahifadhi, anafunga upya. Lakini cpio haibebi maandishi peke yake. Inabeba pia mwenye faili ni nani na nani anaruhusiwa kulisoma, kuliandika au kuliendesha. Mafaili ya ramudiski ni mali ya ruti, mtumiaji mkuu wa mfumo, na init.rc kwa kawaida ina ruhusa 750 au 644. Windows haijui ruhusa hizo. Faili likirudi linaweza kuwa na 777, maana yake kila mtu anaweza kuliandika. Na init, kwa sababu za usalama, kabla ya kusoma faili la amri huangalia kama kundi au watu wengine wanaweza kuliandika. Ikikuta wanaweza, inalihesabu kuwa si salama na kulipita. Haisimami wala haipigi kelele. Inaendelea bila amri hata moja, huduma hazianzi, na mwenye simu anaona logo ambayo haiondoki. Mstari wa fundi ulikuwa sahihi kabisa. Kilichoiua simu ni tarakimu tatu ambazo hakuziona.

Mbano nao una mtego wake. Kifurushi cha gzip huanza na baiti 1f 8b. Cha LZ4 ya mtindo wa zamani huanza na 02 21 4c 18. Keneli huundwa ikijua kufungua aina fulani tu za mbano. Ukiirudisha ramudiski ikiwa imebanwa kwa njia isiyojulikana na keneli hiyo, keneli itaamka vizuri, itatafuta init, haitaiona, na itaanguka. Ndiyo sababu vyombo bora vya kazi hii, kama Android Image Kitchen, huandika pembeni kila kitu vilichokikuta: aina ya mbano, ukubwa wa ukurasa, anwani zote, mstari wa amri, kisha huvirudisha vyote wakati wa kufunga. Magisk ya John Wu, iliyotoka mwaka 2016, ilikwenda mbali zaidi. Chombo chake cha magiskboot hakimwagi mafaili ya ramudiski kwenye diski hata kidogo. Kinaihariri cpio ikiwa bado kwenye kumbukumbu, kinaongeza kinachohitajika, na mengine yote yanabaki na mwenyewe na ruhusa zake. Tena kinaweka nakala ya kile cha asili ili mtu aweze kurudi alikotoka. Naamini Magisk ilishinda njia nyingine zote za kurooti simu kwa sababu iligusa kidogo kuliko zote, na watu wengi wanaoisifu wanasahau jambo hilo.

Watu wanaotaka kuligeuza faili hili hawatafuti kitu kimoja. Wengine wanataka kuhamisha mfumo wa simu moja kwenda nyingine. Hapo kuna imani potofu iliyoenea, kwamba boot.img ya simu A ikifunguliwa na kufungwa upya kwa anwani za simu B, itafanya kazi kwenye B. Haitafanya, isipokuwa simu hizo ziwe ndugu wa karibu sana. Keneli ya simu ya ARM imebeba draiva za kioo kile, za kamera ile, za chipu ile ya chaji. Na maelezo ya maunzi, yanayoiambia keneli kifaa gani kimeunganishwa kwenye waya upi, yameandikwa kwa ajili ya bodi ile moja. Kompyuta ya mezani inaweza kuulizwa ina vifaa gani, nayo ikajibu. Simu haiulizwi; lazima keneli iambiwe mapema. Kwa hiyo anayehamisha mfumo kwa akili huanza na faili la asili la simu inayopokea, anaacha keneli na maelezo ya maunzi yake, na kuingiza kutoka nje sehemu za ramudiski peke yake.

Wengine wanahangaika na maganda ambayo watengenezaji wameyaongeza juu ya umbo la Google. Hili linatuhusu sana Afrika Mashariki, maana simu nyingi za bei nafuu zinazouzwa huku zina chipu za MediaTek au Unisoc. Kwenye simu za zamani za MediaTek, keneli na ramudiski kila moja hutanguliwa na kichwa cha ziada cha baiti 512, kikiwa na neno KERNEL au ROOTFS na ukubwa wa kinachofuata. Chombo cha kawaida kikiitoa ramudiski hiyo na kujaribu kuifungua kwa gzip, kinakataa, kwa kuwa mwanzoni hakuna 1f 8b. Dawa ni kuzikata zile baiti 512, kufanya kazi yako, kisha kuzirudisha huku ukisahihisha ukubwa ulioandikwa ndani yake. Anayesahau hatua ya mwisho huishia kuwa na faili ambalo butiloda inalisoma nusu. Sony kwa miaka kadhaa ilitumia umbo la ELF badala ya lile la Google. Samsung nayo huweka mwishoni mwa faili neno SEANDROIDENFORCE. Likikosekana, simu huandika kwa rangi nyekundu kwenye kona ya juu kwamba keneli haifuati sera, ingawa kama butiloda imefunguliwa simu huendelea kuwaka. Mteja anayeona maandishi hayo mekundu huogopa kuwa simu yake imekufa, kumbe kilichopungua ni neno moja la baiti kumi na sita.

Kundi la tatu ndilo linalonivutia zaidi: wanaotaka kuiondoa Android yenyewe. Ubuntu Touch, iliyoanzishwa na Canonical na kuendelezwa na jamii ya UBports tangu Canonical ilipojitoa mwaka 2017, na postmarketOS, iliyoanza mwaka huo huo wa 2017, zote zinakutana na butiloda isiyojua lugha nyingine isipokuwa boot.img. Kwa hiyo Linux ya kawaida inavishwa vazi la Android: keneli yake inawekwa mahali pa keneli, ramudiski yake mahali pa ramudiski, na kichwa kinaandikwa ANDROID ingawa mfumo unaowashwa si Android. Kuna mradi wa lk2nd, uliopata umaarufu kwenye simu za Snapdragon 410, ambao unafanya jambo la werevu mkubwa. Butiloda ya pili inafungwa ndani ya boot.img, ile ya kwanza inaipokea kana kwamba ni keneli, kisha hiyo ya pili inatafuta faili la kweli la kuwashia umbali wa kilobaiti 512 ndani ya patisheni ile ile. Simu za mwaka 2014 na 2015 ambazo watengenezaji wake walishazisahau zinaendesha keneli za leo kwa njia hiyo.

Umbo lenyewe la faili halikukaa lilivyokuwa, na kila badiliko lilileta mgongano wake. Ukitazama toleo sifuri, kuna nafasi ya baiti nne baada ya ukubwa wa ukurasa ambayo mwanzoni haikuwa na kazi. Qualcomm waliichukua wakaandika humo ukubwa wa jedwali la maelezo ya maunzi. Baadaye Google waliihitaji nafasi hiyo hiyo kwa namba ya toleo la kichwa. Leo chombo kinachosoma faili kinalazimika kukisia: namba ikiwa ndogo, ni toleo; ikiwa kubwa, ni ukubwa wa jedwali la Qualcomm. Chombo kisichojua historia hiyo kitaisoma simu ya mwaka 2014 kama kitu cha ajabu kabisa.

Android 9 ilileta toleo la kwanza, Android 10 la pili lenye nafasi rasmi ya maelezo ya maunzi. Mapinduzi yalikuja na Android 11. Hapo ramudiski ya mtengenezaji, maelezo ya maunzi na anwani za kumbukumbu vilihamishiwa kwenye patisheni mpya ya vendor_boot, ambayo kichwa chake huanza na neno VNDRBOOT, na boot ikabaki na vitu vya Google. Sababu ilikuwa njema. Google walitaka keneli moja ya pamoja iliyojengwa na wao, huku draiva za kila mtengenezaji zikiwa moduli za pembeni, ili tundu la usalama likizibwa lizibwe kwa wote. Kwa simu zilizozinduliwa na Android 12 zikiwa na keneli 5.10, hilo likawa sharti. Android 13 ikaigawa tena: ramudiski ya pamoja ikapelekwa init_boot, na boot ikabaki karibu na keneli tupu. Kwa fundi, maana yake ni kwamba maelekezo ya mwaka 2018 ya kuhariri boot.img, yakifuatwa kwenye simu ya mwaka 2023, yanamwelekeza kwenye faili ambalo kitu anachokitafuta hakimo tena.

Kuna namba nyingine moja kwenye kichwa ambayo watu huipuuza, nayo ni ile ya toleo la mfumo. Ni biti 32: ishirini na moja za kwanza ni namba ya toleo la Android katika vipande vitatu vya biti saba, kisha biti saba za mwaka na nne za mwezi wa sasisho la usalama. Inaonekana kama pambo. Lakini sehemu salama ya chipu inayotunza funguo za simu hufunga funguo hizo kwa namba hiyo. Ukifunga upya faili ukaacha sifuri hapo, au ukaandika mwezi wa nyuma, simu inaweza kukataa kufungua data za mwenyewe: picha, ujumbe, kila kitu kipo, na hakisomeki. Biti kumi na moja tu za tarehe ndizo zinazoweza kumkosesha mtu picha za mtoto wake, na ukijua hivyo hutaliita faili hili jambo la kiufundi tu.

Hapo tumeshaingia kwenye ufunguo. Nianze na hoja ya upande wa pili, ya wanaotaka simu zifungwe, kwa sababu ni ya kweli. Januari 2014 watafiti wa Kichina walimfichua mdudu aliyeitwa Oldboot. Hakuingia kupitia programu ya kawaida. Mtu alikuwa ameifungua ramudiski, akaweka ndani yake faili lililoitwa imei_chk, akaongeza mistari kwenye init.rc, akaifunga upya na kuiflashi. Mwenye simu angeweza kufuta programu chafu mara mia. Kila simu ilipowashwa, ramudiski iliirudisha. Kampuni ya Dr.Web ya Urusi ilihesabu simu zaidi ya 350,000 zilizoambukizwa, nyingi zikiwa China. Ufundi uliotumika ulikuwa huu huu ninaouelezea kwenye makala haya, na ulitumika vizuri.

Jibu la Google lilikomaa mwaka 2017 na Android 8, kwa mfumo wa kuthibitisha uwashaji unaoitwa AVB. Hashi ya boot, yaani namba inayokokotolewa kutokana na baiti zake zote, huandikwa na kutiwa saini, mara nyingi ndani ya patisheni ya vbmeta, na mwishoni kabisa mwa patisheni ya boot huwekwa kijachini cha baiti 64 kinachoanza na AVBf. Butiloda iliyofungwa inapiga hesabu ya hashi upya kila inapowaka. Ikikuta baiti moja imebadilika, inaonyesha rangi nyekundu na kusimama. Butiloda ikifunguliwa, simu inawaka ikiwa na onyo la rangi ya machungwa, na wakati wa kuifungua data zote hufutwa. Ufutaji huo si ukatili. Bila huo, mwizi angeiflashi simu aliyokwapua na kusoma kilichomo. Yeyote anayemwambia mteja kwamba atamfungulia butiloda bila kupoteza kitu kwenye simu ya kisasa, aulizwe maswali zaidi.

Kwa hiyo siupingi ulinzi huu. Ninachokipinga ni namna ufunguo ulivyoishia mkononi mwa upande mmoja. Mwaka 2018 Huawei waliacha kutoa namba za kufungulia butiloda, na simu zao tangu hapo zimefungwa kwa mwenye nazo kama zilivyofungwa kwa mwizi. Wengine hufungua kwa masharti na kwa kusubiri. Na hata pale butiloda inapofunguka, chipu ya usalama huzitangazia programu za benki kwamba simu imefunguliwa, nazo nyingi hukataa kufanya kazi. Mtu aliyebadili faili la kuwashia ili simu yake kongwe ipate mfumo mpya, ulio salama kuliko ule ulioachwa na mtengenezaji, anahesabiwa hatari kuliko jirani yake mwenye mfumo wa asili uliokaa miaka minne bila sasisho. Siwezi kuuita huo usalama.

Suala la chanzo cha keneli linakaza fundo zaidi. Keneli ya Linux iko chini ya leseni ya GPL toleo la 2, na leseni hiyo inamtaka anayeigawa keneli iliyobadilishwa atoe msimbo wake kwa anayeipokea. Watengenezaji kadhaa hutoa; wengine hutoa nusu, au huchelewa mpaka simu imeshapitwa na wakati. Pale msimbo unapokosekana, anayetaka kuihuisha simu hana njia isipokuwa kuing'oa keneli iliyokwisha kujengwa kutoka kwenye boot.img ya asili na kuirudisha vilevile kwenye faili jipya. Anarithi kila tundu lililomo. Tundu la Dirty COW, lililozibwa Oktoba 2016, lilikuwa kwenye keneli za Linux tangu mwaka 2007. Hakuna mabadiliko ya ramudiski yanayoweza kuliziba, kwa sababu halimo kwenye ramudiski. Unaweza kuipa simu sura ya Android mpya na chini yake ikabaki keneli ile ile iliyooza. Wanaouza mifumo ya namna hiyo mitaani wanapaswa kumwambia mteja wazi.

Kwenye meza za mafundi wetu, ningependa mambo machache yawe desturi. La kwanza ni kusoma boot ya asili kutoka kwenye simu yenyewe na kuihifadhi kabla ya kugusa chochote, badala ya kutegemea faili lililopakuliwa kwa jina la modeli, maana modeli moja hutoka na bodi zaidi ya moja. La pili, pale simu inapokubali, ni kulijaribu faili jipya kwa amri ya fastboot boot, inayolipakia kwenye kumbukumbu bila kuliandika kwenye patisheni; likigoma, unazima na kuwasha, na simu iko kama ilivyokuwa. Si kila mtengenezaji ameiacha amri hiyo, lakini ilipo hakuna sababu ya kuiruka. Njia nzuri zaidi ya kujipima ni kulifungua faili la asili, kulifunga upya bila kubadili lolote, na kulinganisha matokeo na asili. Fundi ambaye chombo chake hakiwezi kurudisha kitu kile kile hana haki ya kubadili hata herufi moja.

Na kwa simu za MediaTek, ile sehemu ya programu ya kuflashia inayofuta kila kitu kabla ya kuandika ichukuliwe kwa uzito wake. Inafuta pia eneo la NVRAM lenye IMEI, namba inayoitambulisha simu kwenye mtandao. Tanzania ilizizima simu zenye IMEI bandia Juni 2016, na Kenya ilikuwa imetangulia mwaka 2012. Simu iliyopoteza IMEI kwa kuflashiwa ovyo inaweza kuwaka, ikaonyesha mfumo mpya unaopendeza, na isipate mtandao. Aliyekuja kutengenezewa logo iliyokwama anaondoka na kifaa cha kuangalia picha.

Liko pia jambo la simu za mkopo, ambazo zimewafikishia intaneti watu wengi ambao wasingeweza kulipa kwa mkupuo mmoja. Simu hizo hujifunga malipo yakikatika, na kufuli hilo linashikiliwa na mlolongo ule ule wa saini: butiloda, boot, mfumo. Wapo wanaomwendea fundi wakitaka kufuli liondolewe huku deni likiendelea, na fundi anayekubali anashiriki kumdhulumu mkopeshaji. Lakini mkopo ukiisha, mwenye simu apewe nini? Kwa sasa anapewa kufuli lililolala, na ufunguo unabaki ulipokuwa. Aliyelipa shilingi ya mwisho anastahili kupata njia ya kufungua butiloda ya kitu ambacho sasa ni chake.

Kwamba inawezekana, tayari imeonyeshwa. Simu za Pixel, kuanzia Pixel 2, humruhusu mwenyewe kuingiza ufunguo wake, kutia saini mfumo alioujenga, kisha kuifunga butiloda tena. Simu inapowaka inaonyesha rangi ya njano, ishara kwamba uwashaji umethibitishwa, ila kwa ufunguo wa mwenyewe na si wa mtengenezaji. GrapheneOS imejengwa juu ya uwezo huo. Mdudu wa mtindo wa Oldboot hawezi kupenya hapo, mwizi hawezi kuflashi, na aliyefunga upya faili la kuwashia kwa mikono yake anaendelea kulindwa na hesabu ile ile ya hashi.

Mamlaka zetu za mawasiliano, TCRA ya Tanzania na ile ya Kenya, huidhinisha kila aina ya simu kabla haijaingia sokoni. Huangalia redio na masafa, na zimeonyesha kwa IMEI kwamba zikitaka jambo linatekelezeka. Kwenye fomu za uidhinishaji huo mnaweza kuongezwa masharti mawili: mtengenezaji athibitishe kwamba msimbo wa keneli aliyoiweka umetolewa siku simu inapoanza kuuzwa, na aeleze butiloda inafunguliwaje na kama inakubali ufunguo wa mwenye simu. Umoja wa Ulaya tangu Juni 2025 unadai masasisho ya mfumo kwa angalau miaka mitano baada ya modeli kuacha kuuzwa huko. Masharti ya chanzo na ufunguo ni mepesi kuliko hayo kwa mtengenezaji, kwa sababu hayamwombi afanye kazi ya ziada ya miaka mitano. Yanamtaka asiwazuie mafundi wa hapa kuifanya yeye atakapoacha.